Jumatano, Saa Kumi, Juu ya Jabali

Mtandao hapa Kigwe unakaa juu ya jabali,
pale tunapoanika uwele.
Ukishuka hatua tatu, sauti inakatika;
ukisogea kushoto, picha inaganda,
na mtu wa watu anabaki mdomo wazi
kama kuku mwenye kiu.
Nimeviringa kanga ikawa ngata,
simu imekalia hapo.
Debe moja la karanga limeondoka,
limerudi bando la wiki mbili na chenji ya sabuni.

Mama mkwe aliuliza:
Hiyo dawa ya kwenye simu inamezwa,
inapakwa, au mnajifukiza?
Nikamwambia, inazungumzwa, mama.
Akacheka mpaka akakaa chini.
Mtoto haongei, na nyie mnamlipa mtu
amsikilize nini?

Sikuwa na jibu.

Ndahani ana miaka kumi na mmoja.
Tangu lori la baba yake likose breki
pale Sekenke, mwezi wa pili,
anaongea na mbuzi tu, na si wote.
Shuleni walimwita jeuri. Mwalimu mmoja akamchapa
ili neno litoke. Halikutoka.
Kilichotoka ni mkojo, usiku, kila usiku,
nami nikaanika godoro nyuma ya choo
majirani wasilione,
kana kwamba jua linatunza siri.

Mshauri anaitwa Tusekile. Yuko Mbeya.
Jumatano ya kwanza alijitambulisha, akanyamaza.
Nikadhani bando limekwisha.
Kumbe alikuwa ananyamaza naye.
Ya pili akachora kuku mbaya wa miguu mitatu,
akamwonyesha. Mtoto akaangalia pembeni.
Ya tatu nikaambiwa: Mama, tupishe kidogo.

Nipishe! Mtoto niliyemzaa mimi!
Nikashuka na ungo wangu,
nikakaa nyuma ya jabali nikitoa mchanga kwenye uwele
taratibu, nisipige kelele, sikio nimelisimamisha.
Treni ya mizigo ikapita, ndefu, haina adabu,
behewa baada ya behewa,
na ilipokwisha nikasikia sauti
niliyokuwa nimeanza kuisahau,
nzito kidogo kuliko nilivyoiacha,
ikiuliza:

"Huko kuna baridi? Mbona umevaa sweta?"

Basi. Hakusema baba. Hakusema Sekenke.
Sweta.
Ungo ukaniponyoka; kuku walishiba siku ile.

Sitasema amepona. Godoro bado linaanikwa,
ila mbele ya nyumba, na analibeba mwenyewe.
Kuna Jumatano anazima kamera.
Kuna Jumatano anajibu "sijui" dakika hamsini,
na tumezilipia hizo sijui zote, bila punguzo.

Leo tumeitwa wote. Bibi kajifunga kitenge kipya,
anaiamkia simu kwa heshima, Mbukwenyi,
anauliza habari za huko, mvua, ng'ombe.
Kisha Tusekile anageuka,
kama mtu anaweza kugeuka ndani ya kioo:
Na wewe, mama Ndahani. Wewe unalala?

Upepo na vumbi lake
unapita kati ya swali na mimi.
Nafungua mdomo.
Shati lake bado liko msumarini, sijalifua,
usiku nalishusha, asubuhi nalirudisha
kabla mtoto hajaamka.
Hilo ndilo nataka kusema
na halipandi.

Kiduara kinaanza kuzunguka kwenye kioo.
Nanyosha mkono nizime, bando lisiende bure.
Ndahani ananitoa kiganja,
anaichukua simu, anasimama kwa ncha za vidole
penye kilele cha jabali, mikono juu,
uwele ukimkwaruza nyayo.

"Usikate," anamwambia. "Mama yupo.
Anatafuta neno."